Mkono wa Bi Koleta

1

Mkono ulikuwa na kosa moja tu, na hata hilo ulilifanya kwa adabu.

Ulianza kazi saa mbili asubuhi, kama mtu aliyewahi kupewa barua ya onyo na hataki ya pili. Ulichukua sahani ya plastiki yenye vishimo tisini na sita, kila kimoja kidogo kuliko kifuniko cha kalamu, ukaiweka chini ya taa. Ukatia kimeng'enya. Ukatia unga wa dawa ulioyeyushwa, tone baada ya tone, safu baada ya safu. Ukagonga ukingo wa sahani mara mbili, ko, ko, kuondoa mapovu. Mpaka hapo hakuna wa kuulaumu. Kisha ukanyanyuka, ukageukia kona ya meza iliyo karibu na dirisha, ukateremsha ncha ya pipeti taratibu mahali pasipo na kitu chochote, ukavuta hewa, ukarudi, na kuigawa hewa hiyo kishimo kwa kishimo, kwa uangalifu wa mama anayemtia mtoto dawa ya macho.

Halafu ukatulia, kana kwamba umemaliza jambo la maana.

"Kosa la arobaini na moja wiki hii," ilisema kompyuta kwa ile sauti yake ya kike isiyo na ndugu. "Mkono umechota mahali patupu."

"Tumesikia," Mihayo akaijibu. "Nawe ungefiwa na mwalimu wako, ungechota popote."

Mihayo Kapela alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, miaka ishirini na sita, fundi wa maabara, na mdomo wake ulikuwa haujawahi kuchukua likizo. Alikuwa amefanya mzaha siku ya usaili na akapata kazi. Alikuwa amefanya mzaha kanisani na akatolewa nje. Lakini miezi minne sasa mizaha yake ilikuwa inatoka kavu, kama chapati iliyokandwa bila mafuta, na sababu ilikuwa inaning'inia pale juu ya meza ikiwa na viungo sita vya chuma.

Mikono ya siku hizi haiandikiwi maagizo kama ile ya zamani. Hufunzwa. Mtu mwenye mkono mzuri huvaa glavu yenye nyaya nyembamba kama nywele, hufanya kazi yake ya kila siku, na mashine humfuata nyuma ikijifunza hata yale ambayo mwenyewe hajui kwamba anayafanya. Ndiyo maana iko mikono nchini inayojikuna sikio ambalo haina. Huu wa Morogoro ulifunzwa na Bi Koleta Banzi, Mluguru wa Matombo, aliyekaa maabara miaka thelathini na mmoja. Aliufunza miezi kumi na mmoja. Miezi sita ya mwisho aliufunza bila kutamka neno, maana Kimya kilikwisha kumkamata.

Kimya ni ugonjwa mpole wa kuanzia. Leo sauti inakwaruza, unadhani ni vumbi. Mwezi ujao unanong'ona. Mwezi wa tatu unafungua kinywa na hakitoki kitu, na watu wanaanza kuongea nawe kwa kupaza sauti, kana kwamba tatizo ni masikio. Baadaye hushuka mikononi, na mwisho kifuani, na kifua kikinyamaza basi. Kijidudu chake kina kimeng'enya kimoja kinachofanya kazi ya mkasi: kinakikatia chakula. Ziba mdomo wa mkasi, kijidudu kinakufa njaa. Kazi yote ya maabara ile ilikuwa hiyo, kutafuta kitu cha kuziba mdomo mmoja mdogo sana. Ukishatia kimeng'enya na unga wako, unamalizia na chakula bandia ambacho kikikatwa hugeuka njano. Kishimo kikiwa cha njano, mkasi unakula na kushiba. Kikibaki kama maji ya mvua, mdomo umezibwa.

Na unga mmoja ulikuwa umeuziba vizuri ajabu. Namba yake ilikuwa mia tatu na kumi na nane, ukaletwa wiki mbili baada ya mazishi ya Bi Koleta, na watu wa maabara wakaubatiza Kumi na Nane. Sahani baada ya sahani ilitoka nyeupe. Kesho yake asubuhi wagonjwa kumi na wawili wangemeza vidonge vyake, watu wa kwanza duniani kufanya hivyo.

Mgonjwa namba saba aliitwa Nyamizi Kapela.

Dkt. Lwitiko aliingia bila kubisha, kikombe mkononi. Alikuwa mkuu wa maabara, mtu mrefu mwenye upole uliochoka.

"Bado unachota hewa?"

"Unachota, Daktari. Nadhani unaikusanya. Siku moja tutakuta imejaa."

Daktari hakucheka. Alitazama mkono ukirudi kutoka kwenye ile kona ya dirisha, ukungu wa Uluguru ukipita nyuma ya kioo.

"Jopo linakaa saa tisa alasiri kutoa ruhusa ya mwisho," alisema. "Taarifa haiwezi kwenda na makosa mia mbili ya aina moja. Wataniuliza mashine gani hii inayoota mchana. Kabla ya saa nane naomba uufute. Mwalimu mpya yupo Dodoma, tutaletewa mkono wake wiki ijayo."

"Kuufuta wote?"

"Hautenganishiki, Mihayo. Ni kama mtu. Huwezi kufuta kikohozi ukaacha mapafu."

Akanywa funda moja, akakunja uso kidogo kama mtu aliyeonja povu, akatoka.

2

Wanyamwezi na Waluguru ni watani. Asiyejua utani atadhani ni ugomvi, kumbe ni udugu uliovaa nguo ya matusi. Bi Koleta alikuwa akimwita Mihayo mpagazi, kwa ajili ya babu zake waliobeba mizigo ya watu hadi pwani. Mihayo akimwita bibi wa ngazi, kwamba Waluguru wakishuka tambarare hutembea wakiwa wamekunja goti moja. Kwenye kiti chake Bi Koleta alibandika karatasi: MNYAMWEZI HAKAI HAPA. Kwenye sukari: SI YA WAPAGAZI. Hata alipopoteza sauti aliendelea kubandika, na mwandiko ukawa mkubwa zaidi, kana kwamba naye alikuwa anapaza.

Na msibani kazi ya mtani inajulikana. Wakati wafiwa wanalia, yeye anavaa koti la marehemu, anaiga mwendo wake, anadai vitu vyake, analala shimoni na kusema hatoki mpaka apewe kuku. Watu wanacheka katikati ya machozi, na marehemu anaondoka mwepesi. Matombo nzima ilimngoja Mihayo afanye kazi hiyo. Alikaa mwisho wa turubai, akatazama viatu vyake. Kaka wa marehemu alimjia mara mbili.

"Mtani gani wewe? Dada yangu aende bila kuchekwa?"

Mihayo alifungua kinywa na hakikutoka kitu.

Tangu siku ile hakupenda kubaki peke yake na mkono. Ulikuwa unagonga sahani ko, ko, kama Bi Koleta. Ulikuwa unasita kabla ya tone la mwisho, kama Bi Koleta. Na ule mwendo wa kwenda kwenye kona tupu aliuona kuwa ni deni lake yeye: mtu aliyeondoka bila utani, anarudi kuutafuta.

Sasa ameambiwa aufute. Akavuta kiti (kile kilichobandikwa karatasi), akakaa, akafungua ukurasa wa kufuta. Kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika. Huwa inauliza mara tatu.

Alisitasita, akawaza angalau amtanie mara moja tu, ndipo amfukuze. Akachukua kikombe chake cha chai kilicho kitupu akakiweka kwenye kona ya dirisha, ili mkono ukija kuchota ukute walau kuna chombo. "Bibi wa ngazi," alisema kwa sauti ya chini, "leo nimekutegea."

Akauamuru mkono uanze sahani mpya.

Ukafanya yote. Ukagonga mara mbili. Ukageukia dirishani, ukashuka, na Mihayo akajikuta amesimama. Ncha ya pipeti haikuingia kwenye kikombe. Ilisimama juu yake kiasi cha vidole vinne, ikalala upande kidogo, ikapenya kitu chembamba kisichoonekana, halafu ikainuka wima na kushuka tena kidogo. Alikuwa ameutazama mwendo huo miezi minne bila kuuona, kwa kuwa palikuwa patupu na patupu hapana kipimo. Sasa kikombe kilikuwa pale kama rula. Hivyo sivyo watu wanavyochota kwenye kikombe. Wanachota hivyo kwenye chupa. Chupa fupi yenye shingo ndefu.

Na chupa hiyo aliijua.

Alienda chumba cha chai akitembea kawaida, jinsi mtu anavyotembea akijizuia kukimbia. Ilikuwa kando ya sinki, mahali alipoiweka yeye mwenyewe: chupa ya kahawia, ya dawa ya kikohozi ya zamani, shingo ndefu. Kwenye karatasi iliyobandikwa mwandiko ulikuwa mkubwa: USIGUSE, MNYAMWEZI.

Wiki ya msiba Daktari alimwagiza asafishe meza ya Bi Koleta kwa kuwa wakaguzi walikuwa wanakuja. Alikuta viatu vya raba, rozari, na chupa hii. Akaifungua, akanusa, akaona ni sabuni ya maji. Kati ya matangazo yote aliyobandikiwa na mwanamke yule kwa miaka mitano, hata moja halikuwa la kweli. Basi akacheka, mara ya pekee wiki ile, akaipeleka jikoni na kusema moyoni: nimegusa, njoo unizuie. Tangu hapo maabara nzima ilikuwa inaoshea vikombe.

Ilikuwa imebaki kama kijiko kimoja. Akaigeuza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nyuma palikuwa na karatasi nyingine, ndogo, kwa mwandiko wa zamani, wa siku ambazo vidole vyake vilikuwa bado havitetemeki:

*Tone kila kishimo, kabla ya chakula. Cha kweli hakitoki kwa sabuni.*

3

Kuna unga mwongo. Mihayo alifundishwa hilo chuoni, ukurasa mmoja, siku ya mvua. Unga wa kweli hukaa kwenye mdomo wa kimeng'enya kama mfupa kooni. Umeingia pale tu, na umeingia kwa sababu unaenea. Unga mwongo haujui mdomo uko wapi. Ukitiwa majini unajikusanya wenyewe kwa wenyewe, unakuwa vibonge vidogo visivyoonekana, vinavyonata kama utomvu wa fenesi, na kila kimeng'enya kinachopita kinagandia juu yake kama nzi. Hakili, hakikati. Sahani inatoka nyeupe na watu wanapeana mikono. Lakini damu si maji ya sahani. Ndani ya mtu utomvu ule unaparaganyika, na kijidudu kinaendelea na chakula chake bila hata kujua kwamba kilikuwa kimetungiwa hotuba.

Kuutambua ni kazi ndogo mno. Tia sabuni kidogo. Utomvu unayeyuka, nzi wanaruka. Mfupa unabaki kooni.

Bi Koleta aliita jambo hilo kunawisha sahani. Halikuwa kwenye mwongozo, alilifanya tu, kama mama anavyokagua kucha za watoto kabla ya kula. Kumi na Nane haukuwahi kunawishwa. Ulikuja wakati sabuni iko sinkini.

Saa tano na nusu. Mihayo aliiweka chupa mfukoni akatoka nje, akasimama kwenye kivuli cha tangi la maji, akapiga simu wodini.

Dada yake aliyemlea alikuwa mtangazaji wa mpira redioni. Tabora ilimjua: Nyamizi akitangaza kona, mgonjwa aliinuka kitandani. Sasa alikuwa na wiki ya tisa bila sauti. Kwenye simu waliongea hivi: Mihayo alisema, naye aligonga kioo kwa ukucha. Moja ndiyo, mbili hapana, nyingi maana yake anacheka. Yaliyokuwa marefu aliyaandika, na siku hizi maneno yalikuja polepole.

"Dada, shikamoo. Umekula?"

Ko.

"Uji wa hospitali?"

Ko, ko. Kisha maandishi: *Ule si uji. Ni uwanja baada ya mvua.*

Mihayo alijaribu kucheka. Nyamizi alimsikia akijaribu.

*Una nini?*

Alitaka kumwambia yote, akaona aibu kumtwika mgonjwa kazi ya mzima. Kanuni za majaribio zilikuwa wazi: aliyemeza dawa moja ya majaribio hapewi nyingine miaka miwili. Kulikuwa na maabara nyingine, ya Kisumu, yenye unga wao wa taratibu. Walisema wangeanza majaribio huenda baada ya miezi minane. Nyamizi akimeza Kumi na Nane kesho na ikawa utomvu, mlango wa Kisumu umefungwa, na Kimya hakingoji miaka miwili. Asipomeza kwa sababu ya sabuni, anabaki na miezi minane ya neno huenda, na vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kuchelewa. Kisha kulikuwa na njia ya tatu, iliyo laini kuliko zote. Kubonyeza mara tatu kabla ya saa nane. Mkono unasahau, kona inakuwa kona tu, na asubuhi dada yake anameza kidonge akiwa na furaha ya kweli. Hakuna ambaye angesema uongo. Pangekuwa tu na jambo ambalo halikuulizwa.

"Dada. Ukiambiwa kesho hakuna dawa, utasemaje?"

Ng'ombe wa mtu walipita nje ya uzio.

*Hakuna, au hujui kama ipo?*

"Sijui kama ipo."

*Tuko ndani ya kumi na nane mdogo wangu. Mpira uko kwako.*

"Ndiyo maana miguu inatetemeka."

*Unaweza kujua leo?*

Hapo ndipo angeweza kusema hapana. Neno dogo, na mtu wa upande wa pili asingeweza hata kuuliza kwa sauti.

"Naweza," alisema.

Maandishi yalichukua muda mrefu kiasi kwamba alidhani simu imekata.

*Basi nenda ukajue. Usinimezeshe usichokijua.*

4

Kabla ya kuanza alifanya jambo ambalo hakumsimulia mtu. Alifungua kabati, akatoa koti jeupe la Bi Koleta ambalo hakuna aliyethubutu kulichukua, akalivaa. Lilimbana mabegani. Akakunja goti moja, akapanda na kushuka ngazi isiyokuwepo kuzunguka meza, akachungulia vikombe vya watu akitafuta sukari iliyoibwa. "Mpagazi kaniibia chupa," alisema kwa ile sauti ya zamani ya Bi Koleta, ya puani. "Nimekufa na bado ananitia kazini. Nataka kuku. Sitoki hapa bila kuku." Hakuna aliyecheka. Mkono ulining'inia chini ya taa. Machozi yalimshuka hadi kwenye kola ya koti, akayaacha, kwa kuwa koti halikuwa lake.

Kisha akaiweka chupa kwenye kona ya dirisha.

Aliipanga sahani kwa namna ambayo hakuna mwanasheria angeitoboa. Safu za kwanza, kimeng'enya peke yake na sabuni: zikigeuka njano, basi sabuni haijakiua. Safu za katikati, kizuizi cha zamani kinachojulikana na dunia nzima, ambacho ni cha kweli ila kinaunguza ini hivyo hapewi mtu: zikibaki nyeupe, basi sabuni haiwezi kuung'oa mfupa. Safu za mwisho, Kumi na Nane.

Mkono ukaanza. Kimeng'enya. Unga. Ko, ko.

Ukageukia dirishani. Ncha ikalala upande, ikapenya shingo ya chupa bila kugusa kioo, ikainuka wima, ikashuka. Kwa mara ya kwanza katika miezi minne pipeti ilirudi na kitu. Tone kwa kila kishimo, taratibu, tisini na sita. Kompyuta haikusema neno.

Kilichofuata hakuna aliyekuwa amekitegemea. Miezi yote ile mkono ulikuwa ukigawa hewa yake na kutulia, Mihayo akimalizia kutia chakula mwenyewe, na wao wakidhani pale ndipo mwisho wa somo. Kumbe ulikuwa umekwama. Ulitia chakula, halafu ukaishika sahani kwa vidole vyake viwili vya chuma, ukaigeuza taratibu mpaka upande wenye alama ukamwelekea Mihayo, ukaisukuma mbele yake kiasi cha nusu shibiri, na kurudi nyuma. Hivyo ndivyo Bi Koleta alivyokuwa akimpa sahani. Haya, mpagazi, beba.

Dkt. Lwitiko alikuwa amesimama mlangoni. Haikujulikana amesimama tangu lini, lakini alitazama koti, akatazama chupa, na hakuuliza kuhusu koti.

"Hiyo si sabuni ya vikombe?"

"Ndiyo, Daktari. Nimeiba jikoni. Kabla ya hapo niliiba hapa."

Daktari akaja, akavuta kiti cha pili. "Nilikuwa nikimwona akinawisha," alisema. "Miaka yote hiyo. Nikadhani ni usafi wa kina mama." Akapitisha kiganja usoni. "Ungeweza kuufuta saa nne. Nisingekuuliza."

"Najua."

"Unajua nani yumo kwenye orodha."

"Namba saba. Tumezaliwa tumbo moja."

Walingoja dakika ishirini, wanaume wawili wakitazama plastiki. Safu za kwanza zilianza kugeuka, njano ya ndimu, kisha ya embe. Kimeng'enya kilikuwa kizima, kinakula ndani ya sabuni bila wasiwasi. Safu za katikati zilibaki kama maji ya mvua. Mfupa ulikuwa kooni. Mihayo alizitazama hizo kwa muda mrefu, kwa kuwa hakutaka kutazama za mwisho.

"Mihayo," Daktari alisema.

Ilianzia kwenye kishimo cha pembeni, kivuli tu, kama chai iliyomwagika mbali. Halafu cha pili. Akajiambia ni mwanga wa dirisha, akaiziba sahani kwa kiganja. Alipokiondoa safu nzima ilikuwa njano, na inayofuata, na inayofuata, mpaka hapakuwa na tofauti kati ya mahali palipotiwa Kumi na Nane na mahali ambapo hapakutiwa kitu.

Dkt. Lwitiko alisimama, akafunga kifungo cha koti lake, akakifungua. "Chupa imebakiwa na kiasi gani?"

"Sahani moja."

"Rudia mbele yangu. Nitakaposimama mbele ya jopo nataka niwe nimeiona mara mbili."

Waliirudia. Ilitoka vilevile.

Saa tisa kasorobo Daktari alichukua taarifa na kwenda. Mlangoni aligeuka. "Ule ukurasa wa kufuta," alisema. "Ufunge."

Mihayo akaufunga. Aliketi, bado na koti lililombana, akapiga simu wodini. Ilipokelewa upesi, kama mtu aliyekuwa ameishika mkononi muda wote.

"Dada."

Ko.

"Goli limekataliwa. Tulikuwa tumeotea tangu mwanzo, ni vile mshika kibendera alikuwa amefariki."

Hakuna kitu.

"Si dawa. Ni utomvu. Kesho hakuna. Kisumu bado upo kwenye orodha yao, nimehakikisha, lakini ni miezi minane na sitaki kukudanganya kuhusu miezi minane." Akaitazama chupa. "Na kilichotuonyesha ni sabuni. Chupa ya Bi Koleta. Aliniandikia nisiiguse, nikadhani ni utani, nikaipeleka jikoni. Miezi minne, dada. Maabara nzima ya serikali, na wageni wa Wizara, tumeoshea vikombe."

Kisha, ko. Akangoja la pili liwe hapana. Likaja la pili, na la tatu, na yakafuatana, ko ko ko ko, ukucha juu ya kioo, haraka kama mvua inayoanza juu ya bati, na Mihayo naye akacheka, kwa sauti, peke yake ndani ya maabara, mpaka akashika meza.

Halafu yakaanza kupungua. Ko, ko. Ko. Yalikuwa yanakuja kwa kuachana sasa, na hakuweza tena kujua kama ni kicheko, au ni vidole vimechoka, au ni ndiyo inayotafuta swali lake. Hakuuliza. Dirishani chupa ilikuwa tupu, na mkono ulikuwa umetulia juu ya meza, hautafuti kitu. Aliikandamiza simu sikioni, akaendelea kusikiliza.